Larisa Lazutina na timu ya wanne

Mtajie Mkenya skii na atakujibu kwa jina moja: Philip Boit. Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, Februari 1998, kilomita 10, nafasi ya 92, ya mwisho kabisa. Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyekuwa ameshashinda zamani, akabaki pale mstarini akimngoja Mkalenjin huyu amalize ili amkumbatie. Boit baadaye akamwita mwanawe Dæhlie. Ni hadithi tamu na sina neno nayo, ila imesimuliwa mpaka ikaziba kila kitu kingine kilichotokea wiki zile mbili kwenye njia zile za Hakuba, kulikofanyika mbio za skii za Olimpiki hiyo.

Kwa mfano hili: mbio za wanawake zilikuwa tano, na Warusi walizishinda zote tano. Hawakubakiza hata moja. Na katika hizo tano, mwanamke mmoja alipanda jukwaani mara tano. Larisa Lazutina, miaka 32, dhahabu tatu, fedha moja, shaba moja. Aliporudi nyumbani alipewa cheo cha Shujaa wa Urusi.

Nimekuwa nikizitazama tena mbio zile kwenye mtandao, usiku, wenzangu wakitazama mpira. Nilianza kwa kumtafuta Boit, nikaishia kwa Lazutina. Ninaandika kwa sababu kila anayemwandika huyu mama humwandika kwa nusu. Wapo wanaoanza na Nagano na kuishia Nagano, na wapo wanaoanza na sindano ya dawa haramu ya mwaka 2002 na kuishia hapo. Mimi nimemsoma kwa njia ya tatu, kupitia mbio za kupokezana, na nadhani ndipo alipo hasa.

Kwanza tumpeleke kwao. Alizaliwa tarehe 1 Juni 1965 Kondopoga, mji wa kiwanda cha karatasi kando ya ziwa Onega, jimbo la Karelia, upande unaopakana na Finland. Kule theluji hukaa miezi mingi na mtoto huvishwa skii kama watoto wa Uasin Gishu wanavyotumwa dukani kwa mbio. Mwaka 1987, akiwa na miaka 21, aliingizwa katika timu ya wanawake wanne wa Umoja wa Kisovyeti kwenye mashindano ya dunia ya Oberstdorf, Ujerumani. Wakashinda. Dhahabu yake ya kwanza kubwa, basi, aliigawana na wenzake watatu.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuona: mbio za kupokezana za skii hazina kijiti. Wa kwanza anakuja akihema, anaingia katika eneo la kukabidhiana, anampiga mwenzake mkono mgongoni, na mwenzake anaondoka. Wanawake siku hizo walikimbia kilomita tano kila mmoja. Wawili wa mwanzo hutumia mtindo wa klasiki, ule wa skii zote mbili kukaa ndani ya mifereji miwili iliyochimbwa kwenye theluji, mguu mmoja unasukuma, mwingine unateleza. Wawili wa mwisho hutumia mtindo huru, ambapo mtu anasukuma kwa pembeni, kulia na kushoto, kwa mwendo wa kupepesuka unaovutia macho na kuua mapaja.

Kinachoamua si mapafu peke yake. Chini ya skii za klasiki, sehemu ya katikati, hupakwa nta ya kushika theluji, na mbele na nyuma hupakwa nta ya kuteleza. Theluji ikibadilika joto kidogo tu, nta iliyofaa saa mbili asubuhi haifai tena saa nne. Ukiikosea, mguu unateleza kinyumenyume kwenye mlima, na hapo hata uwe na moyo wa farasi utapitwa. Nyuma ya kila mwanaskii, kwa hiyo, kuna watu wenye pasi za moto na mabunda ya nta wasioonekana kwenye televisheni.

Sasa rudi kwa Lazutina. Tatizo lake miaka ya tisini lilikuwa hili: kushinda dunia kulikuwa kazi rahisi kuliko kushinda nyumbani. Alikuwa na Yelena Välbe, bingwa wa dunia mara 14. Alikuwa na Lyubov Yegorova, aliyechukua dhahabu tatu za Olimpiki Albertville mwaka 1992 na tatu nyingine Lillehammer mwaka 1994. Nyuma yao wakaja Nina Gavrilyuk, Olga Danilova, kisha binti mdogo Yuliya Chepalova. Sisi tunaijua hali hiyo. Majaribio ya Kenya ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji yamewahi kumwacha nyumbani mtu ambaye angepata medali kwa bendera ya nchi nyingine yoyote.

Albertville 1992 Lazutina alipata dhahabu moja, ya kupokezana. Umoja wa Kisovyeti ulikuwa umeshavunjika, wakakimbia chini ya bendera ya Olimpiki, na pembeni yake alikuwepo Raisa Smetanina wa miaka 39, mama wa mchezo wenyewe. Lillehammer 1994, dhahabu moja tena, ya kupokezana tena, safari hii kwa bendera ya Urusi. Bendera tatu katika miaka saba, na yeye amesimama palepale, mmoja kati ya wanne.

Hakuwa mnyonge mtu huyu. Mwaka 1993 alishinda kilomita 5 kwenye mashindano ya dunia Falun, Sweden. Mwaka 1995, Thunder Bay, Kanada, alichukua dhahabu nne, na Olimpiki haikuwa mwaka huo. Halafu 1997 Trondheim ikawa zamu ya Välbe, aliyefanya lililokuwa halijafanyika: dhahabu tano katika mbio tano. Mojawapo, ile ya kilomita 5, ilimfikia baada ya Yegorova, aliyefika wa kwanza, kukutwa na bromantani, dawa ya kusisimua mwili iliyokatazwa, mwilini na kunyang'anywa ushindi. Hilo la Yegorova liweke akilini, tutarudi huko.

Kwa hiyo Nagano, Lazutina anafika akiwa na miaka 32, bingwa wa dunia mara kadhaa, na bila dhahabu hata moja ya Olimpiki aliyoishinda peke yake. Tarehe 8 Februari akawa wa pili nyuma ya Danilova katika kilomita 15. Kesho yake akashinda kilomita 5. Keshokutwa zikafuata mbio za kufukuzana: unaondoka kwa kufuata pengo la jana, aliyeshinda jana anaondoka wa kwanza, na anayevuka mstari kwanza ndiye mshindi, hakuna hesabu nyingine. Lazutina akaondoka wa kwanza. Danilova akamfukuza kwa kilomita 10. Hakumpata.

Ukimtazama anavyokimbia klasiki, utaona kichwa hakitikisiki. Fimbo zinachomwa karibu na mguu, mikono inapita chini kabisa ya kiuno na kuachiwa nyuma, na kwenye mlima, pale ambapo wengine wanaanza kurukaruka kwa hatua fupi, yeye anaendelea kuteleza. Si mrefu. Ni nguvu iliyofungashwa vizuri. Mtangazaji wa video niliyoipata alikuwa akizungumza Kirusi, sikumwelewa hata neno, lakini ile sauti ya kupanda kwenye kilomita ya mwisho haihitaji mkalimani.

Tarehe 16 zikaja mbio za kupokezana. Gavrilyuk, Danilova, Välbe, Lazutina, kwa mpangilio huo. Norway ya pili, Italia ya tatu. Lazutina ndiye aliyemalizia. Siku hiyo mimi huiangalia zaidi kwa ajili ya Välbe: bingwa wa dunia mara 14, na dhahabu zake zote tatu za Olimpiki ni za kupokezana. Hakuwahi kushinda peke yake pale. Mara nyingine mtu anakuwa mkubwa wa zama zake na Olimpiki inamgomea, basi, hakuna maelezo.

Nilikaa nikahesabu. Dhahabu tano za Olimpiki za Lazutina, tatu ni za timu. Dhahabu 11 za dunia kuanzia 1987 hadi 2001, sita ni za timu. Jumla 16, na tisa kati yake amezishika na wanawake wengine watatu.

Hapa nitoke kidogo kwenye theluji.

Shangazi yangu aliugua figo. Alikuwa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki, na baada ya mashine kuna sindano ndogo aliyodungwa chini ya ngozi ya mkono. Mara nyingi hospitali haikuwa nayo, kwa hiyo sisi jamaa ndio tulioinunua duka la dawa mjini. Mwenye duka huitoa kwenye friji na kuuliza umebeba nini. Unafungua chupa ya chai, ile ya kifuniko cha kuzungusha, ndani kuna barafu iliyovunjwavunjwa na kitambaa, maana ikigandana na barafu imeharibika na ikipata joto imeharibika. Sindano yenyewe ni nyembamba, maji yake hayana rangi, kiasi cha tone chache tu. Ndani ya basi niliishikilia mapajani kama yai. Shangazi alikuwa akisema, "Mwanangu, hii ndiyo inanirudishia miguu. Wiki nikiikosa, kutoka kitandani hadi mlangoni ni Mlima Kenya."

Dawa hiyo ni erithropoetini, EPO. Figo zima huitengeneza lenyewe: likihisi oksijeni imepungua hupeleka ujumbe kwenye uboho wa mifupa, na uboho huzalisha chembe nyekundu za damu. Figo likifa, ujumbe unakatika, damu inakuwa nyepesi, mtu anaishiwa nguvu. Ndiyo maana iko sindano. Na ndiyo maana wakimbiaji wetu wanaishi Iten, mita 2,400 juu ya bahari, ambako hewa yenyewe hulilazimisha figo kufanya kazi hiyo bila kudungwa mtu.

Mwenye figo zima akijidunga, chembe zinaongezeka kupita kiasi, misuli inapata oksijeni zaidi, na kilomita ya 25 inakuwa kama ya 10. Damu pia inakuwa nzito, na damu nzito huganda mahali isipotakiwa. Kwa sababu hiyo shirikisho la skii duniani liliweka kikomo cha himoglobini, ile inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu. Ukikutwa umekivuka asubuhi ya mbio, hukimbii. Huitwi mwizi, hufungiwi. Unaambiwa tu leo pumzika, kwa usalama wako.

Mwaka 2001 ikaingia sokoni dawa mpya ya wagonjwa wa figo, darbepoetini. Ni EPO iliyoongezewa minyororo miwili ya sukari ili idumu mwilini karibu mara tatu zaidi. Kwa mgonjwa ni nafuu kubwa, sindano zinapungua. Waliokuwa wakidanganya michezoni walidhani wamepata kitu ambacho maabara bado hazijakijua. Lakini kipimo cha mkojo kilichobuniwa Ufaransa kwa ajili ya EPO ya zamani kilikuwa kikitenganisha molekuli kwa chaji yake ya umeme, na hiyo minyororo ya sukari iliifanya darbepoetini ikae mbali kabisa na zile zinazotengenezwa na mwili. Dawa mpya ikawa rahisi kuonekana kuliko ile ya zamani.

Salt Lake City, Februari 2002. Uwanja wa skii uliitwa Soldier Hollow, kwenye mwinuko unaokaribia wa Nairobi. Lazutina sasa ana miaka 36. Alipata fedha ya kilomita 15 nyuma ya Stefania Belmondo wa Italia, na fedha ya kufukuzana nyuma ya Danilova. Wa tatu katika hizo za kufukuzana alikuwa Beckie Scott wa Kanada, aliyekuwa amesema wazi kwamba mchezo wake umejaa dawa.

Tarehe 21 ikawa siku ya kupokezana. Urusi ilikuwa haijashindwa mbio hizo kwenye Olimpiki tangu Albertville. Asubuhi wakapimwa damu, na himoglobini ya Lazutina ikawa juu ya kikomo. Warusi walilalamika kwamba walijulishwa wakati ambapo hakuna tena nafasi ya kuweka mkimbiaji mwingine. Mlio wa kuanzia ukapigwa bila Urusi kuwepo. Ujerumani ikashinda, Norway ya pili, Uswisi ya tatu. Viongozi wa Urusi wakaita waandishi wa habari na kutishia kuondoa msafara mzima.

Mimi huishia kwenye asubuhi hiyo kila nikimfikiria Lazutina. Tangu msichana wa miaka 21 kule Oberstdorf, mtu huyu alikuwa sehemu ya kile kitu cha wanne, na sasa yeye mwenyewe ndiye sababu ya watatu kurudi wamebeba skii zilizokwisha kupakwa nta. Sijui kama kuna adhabu ya mahakama inayofika hapo.

Siku tatu baadaye, siku ya kufunga michezo, aliruhusiwa kukimbia kilomita 30. Aliwaacha wenzake kwa zaidi ya dakika moja. Ingekuwa dhahabu yake ya sita ya Olimpiki, sawa na Yegorova, na medali ya 10, sawa na Smetanina. Ilidumu saa chache. Sampuli aliyokuwa ametoa siku ile ya kupokezana ilikutwa na darbepoetini. Danilova vilevile. Na mwanamume aliyeshinda kilomita 50, Johann Mühlegg, Mjerumani aliyekuwa akiikimbilia Hispania, dawa ileile. Dhahabu ya kilomita 30 ikaenda kwa Gabriella Paruzzi wa Italia.

Mwanzoni Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliwafuta katika mbio za siku ya mwisho tu na kuwaachia medali za wiki ya kwanza, jambo ambalo mimi naliona la aibu kuliko sindano yenyewe. Ilichukua rufaa. Scott aliondoka Salt Lake na shaba, akapewa fedha Oktoba 2003, na mahakama ya michezo ilipoamua Desemba mwaka huo kwamba hata zile za mwanzo zifutwe, akawa bingwa. Dhahabu alivishwa Juni 2004, Vancouver, kiangazi, nje ya jumba la sanaa. Miaka miwili na zaidi kwa mbio za nusu saa. Wimbo wa taifa alioupigiwa ulikuwa wake, lakini jukwaa halikuwa lile.

Lazutina alifungiwa miaka miwili na hakurudi. Aliingia siasa katika bunge la jimbo la Moscow. Odintsovo, nje kidogo ya Moscow, kuna njia ya lami inayopanda na kushuka msituni kwa ajili ya skii za magurudumu wakati wa kiangazi, inaitwa kwa jina lake, na watu wanaitumia kila siku.

Rafiki yangu mmoja, mkimbiaji mstaafu wa nusu marathoni, nilimsimulia habari hii yote tukinywa chai. Yeye anaishi na jambo hili karibu kuliko mimi: amekimbia katika miaka ambayo Rita Jeptoo alikutwa na EPO, kisha Jemima Sumgong, bingwa wa marathoni wa Olimpiki, akakutwa na EPO. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Bwana, ukimkuta mtu jikoni na mkono ndani ya sufuria mara moja, usiniambie ilikuwa mara ya kwanza. Futa na Nagano."

Sikubaliani naye, ingawa namwelewa. Nagano alipimwa na hakuna kilichopatikana. Kipimo cha EPO hakikuwepo mwaka 1998, hilo pia ni kweli, na kinawahusu wote waliokimbia siku ile, Warusi na wasio Warusi. Mwaka mmoja kabla ya Salt Lake, Wafini sita walinaswa nyumbani kwao Lahti, kwa dawa ya kuongeza ujazo wa damu, baadhi yao mabingwa waliopendwa kama watakatifu. Wizi ulikuwa wa zama nzima. Lakini zama haziwezi kuitwa kutoa sampuli.

Ila rafiki yangu alipoendelea kubisha nilimwuliza swali ambalo hakulijibu, na mimi pia sijalijibu. Timu ile ya Nagano: Gavrilyuk, Danilova, Välbe, Lazutina. Danilova na Lazutina walinaswa miaka minne baadaye. Yegorova wa timu za 1992 na 1994 alinaswa 1997. Chepalova, yule binti aliyeshinda kilomita 30 Nagano akiwa na miaka 21, alinaswa na EPO mwaka 2009. Gavrilyuk na Välbe hawakuwahi kukutwa na kitu. Je, ukifuta Nagano, unazifuta na zao pamoja, maana katika mbio za kupokezana hakuna robo ya medali?